Mpagazi Aliyetupa Hesabu

Puge, 10 Agosti 2025

Binamu yangu Justus, mtani wangu, profesa wa bweni,

Zile salamu za hofu na mashaka nimewaachia wenye hofu. Mtu anayekula ugali wa serikali kila siku bila kushika jembe hawezi kuugua. Sisi huku tupo. Recheli wangu anatembea sasa, anatembea kama babu akitoka kwenye pombe, anakwenda pembeni kwanza ndipo anafika mbele. Babu Wenceslaus mwenyewe mguu umemvimba lakini mdomo haujambo. Anakusalimu mwangaluka, na anauliza kama huko Tabora wamekufundisha kufunga mkanda, maana ulipoondoka hapa suruali ilikuwa inataka kubaki. Baba yako, mjomba Adriano, bado anatembea na matokeo yako ya kidato cha nne kwenye simu. Ile A ya hesabu anamwonyesha hata muuza chumvi.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa shule yenu imekataza simu. Barua nampa Twalibu, konda wa basi la Nzega kwenda Tabora, wakati nauza karanga za kuchemsha hapa stendi. Atakuachia getini kwa mlinzi. Ikichelewa usinilaumu mimi, laumu koti la Twalibu, lina mifuko mingi kuliko abiria.

Sasa neno lenyewe. Unajua nilivyoacha shule mwaka jana, kidato cha tatu hakijafikisha hata wiki, tumbo likanitoa. Sasa mkuu wa shule ameniita. Anasema waliojifungua tunaruhusiwa kurudi, ila mimi nisipoingia Januari hii inayokuja nafasi yangu imekwisha. Nataka kurudi, Justus. Nina miaka ishirini na moja, nitakaa dawati moja na watoto wa kumi na sita, watanicheka, wacha wacheke. Nataka nisome hesabu mpaka niwe mwalimu wa hesabu, hapahapa Puge, wanione.

Tatizo ni mama. Asipomshika Recheli, siendi popote. Na mama akisikia neno hesabu anashika kiuno. "Nilikutuma tuisheni ujifunze kujumlisha, ukarudi wawili." Simlaumu. Yule Godbless aliyekuwa akitufundisha tuisheni simtaji zaidi ya hapa.

Juzi nimembana, akatoa hukumu. "Basi tumwangalie Justus. Yeye ndiye mwenye hesabu katika ukoo huu. Akifaulu mtihani wa Desemba nitajua kitu hicho kina mwisho mwema, nitamlea mjukuu wangu, uende. Akianguka, nyote wawili mtalima tumbaku."

Umeona? Nimefungwa kwenye mkia wako kama kopo. Hebu niambie, hesabu ikitoka hapo inafika wapi? Andika vizuri, nitamsomea mama.

Mkubwa wako kwa umri na kwa akili,
Levina


Tabora, 31 Agosti 2025

Mtani Levina,

Waraka wako umenifikia ukiwa na harufu ya karanga. Mlinzi alikuwa ameshaufungua akizitafuta karanga zenyewe. Mimi ni mzima wa viungo vyote, pamoja na kichwa, ambacho nasikia mnakitolea sadaka huko. Shangazi Veneranda mpe shikamoo yangu ya magoti mawili. Babu mwambie suruali imetulia. Recheli mbusu, ila umfute mafua kwanza.

Swali lako ni la kitoto, lakini nitalijibu kwa upole wa msomi. Mimi nasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu za juu. Hesabu hizi si zile za kugawana mihogo. Kuna kitu kinaitwa kalkulasi, kinapima jambo wakati jambo lenyewe linabadilika. Mwenye kukijua anakwenda uhandisi, anajenga madaraja. Anakwenda urubani. Anakwenda upimaji wa ardhi, anakwenda takwimu. Wengine wanachukuliwa na makampuni ya bima, kazi yao ni kukokotoa watu watakufa lini, na wanaheshimiwa sana. Hata hii reli mpya wanayoijenga kupita hapa Tabora, kila kona yake ni hesabu. Zamani mizigo ilipita njia hii juu ya vichwa vya babu zetu. Sasa itapita kwa nguvu ya vichwa vyetu sisi.

Kwa hiyo mwambie shangazi kwamba hesabu haina mwisho.

Jaribio la kwanza tumeshafanya. Matokeo bado hayajatundikwa. Maharage ya hapa yana wakazi wake, ila tumezoeana.

Ndimi,
Justus Adriano, mhandisi mtarajiwa


Puge, 14 Septemba 2025

Mhandisi mtarajiwa, mlezi wa wadudu wa maharage,

Tuko salama. Mbuzi mweusi amezaa, babu ananywa uji tu siku hizi na kulalamika kama mtu aliyekula nyama. Recheli amejifunza neno moja, "sitaki", na amelipenda.

Barua yako nimemsomea mama akichambua mchele. Kwenye madaraja alitulia. Kwenye ndege akasema "mh". Nikajua nimeshinda. Nikafika kwenye bima.

"Anakokotoa watu watakufa lini?"

"Ndiyo, mama."

"Na analipwa?"

"Analipwa."

"Sisi huku mtu huyo tunamjua, na hatumlipi. Tunamfukuza kijijini."

Akamnyanyua Recheli akamweka mbali na barua. Umeona ulivyonifanyia? Daraja lote ulilojenga umelibomoa mwenyewe kwa bima. Ungeishia kwenye ndege, Justus!

Babu naye alikuwa anasikiliza kutoka kwenye mkeka. Unajua babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu. Anasema wapagazi walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza alifika. Wa pili mzigo ukimzidi huko Ugogo anautupa kichakani, anajikwaruza kwa miiba, anarudi nyumbani kusema ameporwa na majambazi. Na huyu wa pili ndiye aliyekuwa na hadithi tamu, ndiye aliyepewa pombe. "Muulize mhandisi wako," babu anasema, "mbona ana hadithi tamu hivyo?"

Nami nauliza. Jaribio lile la Agosti, matokeo yanatundikwa wapi, mbinguni? Kuku wangu ameatamia, ameangua, ameshafukuza vifaranga.

Mimi nasoma madaftari yangu ya zamani Recheli akilala mchana. Nimerudia zile namba tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Aliyezipa jina hilo hakuwa mwanamke. Angejua kwamba asiyegawanyika ndiye anayepata usingizi. Tena juzi kliniki nesi aliweka nukta ya uzito wa Recheli kwenye kadi, mstari ukapanda. Nikamwambia, "Hiyo ni grafu." Akanitazama kama nimemtukana. Lakini nilifurahi, mtani. Mwanangu kapanda kwenye grafu, na mimi najua kwa nini inaitwa kupanda. Njia nzima nilitembea nikicheka peke yangu.

Jibu upesi. Na usimtaje tena mtu wa bima.

Levina


Tabora, 22 Oktoba 2025

Mtani,

Wote nawasalimu. Mimi mzima. Samahani kwa kukaa kimya, sikuwa na la kuandika.

Sasa ninalo. Jaribio la kwanza nilipata saba. Saba ya mia. La pili nikapata nne, kwa hiyo unaweza kusema napunguza kwa mpangilio. Mwalimu akiandika ubaoni wenzangu wanatikisa vichwa kama watu wanaoelewa mahubiri. Mimi natikisa nao. Kisha naomba ruhusa, nakwenda kukaa chooni mpaka kengele.

Nimeomba kuhamia HGK, historia, jiografia na Kiswahili. Wamekubali. Huo mtihani wa Desemba wa hesabu sitaukalia. Mwambie babu ameshinda. Mzigo nimeutupa, na majambazi hawakuwepo.

Shangazi usimwambie. Au mwambie. Sijui. Wewe ndiye mkubwa kwa akili, si ulisema?

Justus


Puge, 5 Novemba 2025

Justus wewe, mwana wa Adriano, Mungu anakuona!

Kabla ya salamu ngoja nifute machozi. Barua yako nimewasomea wote, mama, babu, mjomba, mpaka jirani Bernadeta aliyekuja kuomba moto akaketi. Saba ya mia! Hata mbuzi akifungiwa na kalamu atapata kumi. Babu alicheka mpaka tukamwinua apumue. Pale pa chooni mjomba Adriano alijipiga paja, akasema, "Huyu mwanangu ana raha huko, anayefeli kweli hana muda wa kutunga."

Nami nakwambia, unatania vizuri kuliko mtu mwingine yeyote katika ukoo huu. Tangu tuzaliwe hujaniambia neno moja la kweli, nami sijakulipa neno moja la kweli, ndiyo sheria ya binamu na binamu. Lakini hii imezidi zote.

Na imenisaidia. Mama amecheka, Justus, yule mama! Amesema, "Mtu mwenye wasiwasi haandiki hivi." Tangu siku hiyo Recheli analala chumbani kwake, eti wazoeane. Jana kaniita "mwanafunzi" mbele ya watu, ananituma maji. Mwanafunzi, lete maji! Niliyaleta mbio.

Babu hali si nzuri, uvimbe umepanda kwenye goti. Anasema uje umtanie mwenyewe kabla haujafika kwenye masikio akashindwa kusikia.

Nakutumia michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwenye mfuko wa kaki. Ukikuta imepungua, ni Twalibu.

Mwanafunzi,
Levina


Tabora, 12 Novemba 2025

Levina,

Si utani.

Michembe imefika, nusu. Ahsante. Lakini si utani. Ulichosoma mbele ya babu na jirani na baba yangu kilikuwa kweli yote, hata choo. Mimi na wewe tumezoea vibaya. Leo nikiungua moto utasema nachekesha majivu.

Shangazi ameliweka neno lake juu ya mtihani ambao sitaufanya. Januari itafika, sare umeshona, mtoto umemwachisha, halafu atajua. Siku hiyo utanichukia, na sitakuwa na la kujitetea. Msomee barua hii. Baba yangu nitamwambia mwenyewe, nikipata mdomo.

Msomee, tena usicheke njiani.

Justus


Puge, 7 Desemba 2025

Justus,

Matanga ya babu tumeyaanua. Bibi anakula kidogo. Recheli anakwenda kwenye mkeka wa babu kila asubuhi, anaufunua kutazama chini yake. Mvua imeanza kunyesha vizuri, inamlainishia babu udongo.

Wewe ulirudi shule kesho yake, kwa hiyo ngoja nikusimulie maziko ya babu yako, maana najua utayasimulia kwa uongo. Jeneza lilikuwa ukingoni. Katekista Amon ameshafungua kitabu. Ukaruka. Ukashuka kaburini na zile ndala zako mpya, ukajilaza chali na mikono kifuani. Watu wakasema, "Haya, mjukuu huyo, mtani wa marehemu, anadai haki yake!" Hakuna aliyeshangaa. Wakakuonyesha jogoo utoke. Ukasema, "Mpeni katekista, ndiye mwenye njaa." Watu hoi.

Ndipo ukamwita mama kwa sauti. "Shangazi Veneranda! Sitoki humu mpaka useme mbele ya ukoo kwamba Recheli utamlea, Levina aende shule, mimi nifaulu nisifaulu!"

Mama akasogea mpaka ukingoni. "Justus, toka. Babu yako anaungua na jua."

"Tumeshakubaliana, muulize!"

Hata bibi alicheka, Justus. Mjane, na khanga mdomoni, alicheka.

"Hesabu imenishinda, shangazi! Nimeitupa, kama wale wa Ugogo! Mimi si mfano wa kitu chochote, usimfunge mtu kwangu!"

Vigelegele. Baba yako ndiye aliyecheka kuliko wote, anampiga mtu bega, "Mhandisi wangu huyo!" Mama akakutazama muda. Kisha akasema, wote tukasikia, "Nitamlea. Sasa toka, mpumbavu wewe." Wakakuvuta, ukatoka na ndala moja. Ya pili tumemfukia nayo babu. Watoto wanasema ameondoka na mguu wa ziada.

Mimi pia nilicheka. Nilifikiri, ona mtani wangu, kageuza kichekesho chetu kuwa nafasi yangu ya shule.

Jana Twalibu kaloa mvua, akatoa vitu vya kotini avianike. Akaniita. Barua yako ya Novemba. Nimeisoma nimesimama na beseni kichwani, abiria wanagonga vioo wanataka karanga, mimi nimegeuka nguzo.

Kwa hiyo ilikuwa kweli.

Nimekasirika, nisikufiche. Marubani wote wale, madaraja, reli, na wewe una saba! Uliona raha gani? Mtu anakuuliza njia, unamchorea bahari? Halafu nakasirika tena, kwa upande mwingine. Wewe umekaa chooni peke yako, na mimi huku nasoma ukaaji wako kwa sauti ili watu wacheke. Mbuzi na kalamu niliandika mimi. Mkono wangu huu.

Sasa nina neno la mama lililotolewa kaburini. Neno hilo halirudishwi, akilirudisha watu watamwogopa. Lakini alilitoa akijua unatania. Nikinyamaza, nasoma kwa wizi. Nikisema, labda sisomi kabisa.

Sijamsomea. Niambie nifanyeje, wewe msomi wa historia.

Levina


Tabora, 19 Desemba 2025

Levina,

Pole na msiba, na mimi nijipe pole. Likizo sikuja kwa sababu nimebaki kambi ya masomo hapa shuleni, nakimbiza historia ya miezi mitano. Leo nimesoma juu ya misafara ya Unyamwezi. Mwandishi anasema wapagazi watoro walikuwa wengi. Hajataja jina langu.

Baba nimemwandikia. Hajajibu.

Wewe mwambie shangazi. Mimi niliyasema nikiwa nimelala ndani ya shimo, na bado hayakuaminika. Labda ukiyasema umesimama yataingia.

Ndala ilikuwa mpya kabisa. Nimeiwaza sana kuliko inavyofaa.

Justus


Puge, 25 Januari 2026

Justus, mtani, mpagazi mtoro,

Hatujambo. Mahindi yamefika kwenye goti. Mjomba Adriano barua yako aliikunja akatembea nayo mfukoni siku kadhaa. Sasa ameanza tena kuonyesha ile A kwenye simu, ila anasema, "Hii ni ya zamani, sasa mwanangu amehamia kwenye mambo ya wafalme." Usimcheke. Anajitahidi.

Kuhusu mama. Nilingoja, nikangoja, mpaka ikabaki siku moja shule ifunguliwe. Sikutaka kuanza kidato cha tatu na kitu tumboni. Mara ya kwanza nilianza hivyo, unajua ilivyokwisha. Mama alikuwa anamsuka Recheli, nikasimama, kama ulivyosema, nikamsomea ile barua yako ya Novemba. Sikucheka njiani.

Hakuinua macho. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu makaburini. Nyinyi mlikuwa nyuma, mlisikia mdomo. Mimi nilikuwa ukingoni, niliona macho. Mtani anawaliza watu kwa kicheko, yeye halii. Yule alikuwa analia mpaka masikioni."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ulitaka nimwache baba yangu juani?"

Akasuka msuko mzima. Recheli akasema sitaki, akapigwa kikofi cha upendo. Ndipo mama akaendelea, polepole, kama anakisemesha kitana: "Hadithi ya wale wapagazi nimeisikia tangu nikiwa mdogo kama huyu. Walirudi na miiba, walirudi na majambazi. Sikuwahi kusikia aliyerudi akasema nimetupa mwenyewe, tena mbele ya ukoo, tena amelala shimoni. Mtoto wa namna hiyo akiniomba kitu, nitamnyima?" Kisha akanigeukia. "Lakini wewe ukitupa, usije na maneno matamu. Jembe lako lipo nyuma ya mlango."

Basi nimeingia, Justus. Sare inabana kifuani. Wenzangu wananiita "mama mzazi", kama mkutano wa wazazi umeletwa darasani. Saa nne mama anamleta Recheli uzioni, nanyonyesha nikiwa nimekaa kwenye jiwe, daftari kwenye goti. Mwalimu wa hesabu alituona akasema huyo ni mwanafunzi wa kidato sifuri, nami nikamjibu ana mahudhurio mazuri kuliko wengi. Darasa likacheka, safari hii kwa upande wangu.

Jaribio la kwanza tumefanya, na hapa matokeo yanatundikwa siku ya pili. Nimepata arobaini na moja. Najua ni ndogo, usijifanye unahuzunika. Lakini nimeitazama vizuri hiyo arobaini na moja. Ni namba tasa, mtani. Haigawanyiki kwa saba.

Inafika wapi, bado sijui. Siulizi tena mtu ambaye hajafika. Nitakwambia nikifika, na nisipofika nitakwambia pia, kwa maneno mabaya ya kawaida.

Soma hao wafalme wako. Ukikutana tena na wapagazi watoro kwenye kitabu, waandike majina yao pembeni, uanze na lako.

Ile ndala yako iliyobaki nimeiosha, nimempa Twalibu akuletee. Isipofika, babu hajaichukua. Iko kwenye koti.

Levina, kidato cha tatu B